ICMIZER kwa wacheza poka wa mtandaoni: ulipie au usilipie?

Wazee nianze na jibu kabisa ili asiye na muda aende zake. Kama unacheza mashindano ya poka mtandaoni, yale ya kiingilio cha dola mbili tatu mpaka kumi hivi, na ukibaki na chipu kidogo unaanza kubahatisha, lipia programu hii ya ICMIZER mwezi mmoja halafu ukae nayo kweli kweli. Kama we ni wa meza za hela taslimu, zile unaingia na kutoka muda wowote unaotaka, achana nayo haikuhusu. Na kama unatafuta programu ya kukuambia jamaa wa upande wa pili anazuga au ana karata kweli, hiyo haipo duniani, asije mtu akakuuzia.

Wenye muda tuendelee.

Hii kitu ni programu ya mahesabu, unaifungulia kwenye browser tu. Unaijazia hali ya mezani: mmebaki wangapi, kila mmoja ana chipu ngapi, blaindi (chipu za lazima wanazoweka wawili kabla ya karata, ndogo na kubwa) zimefika ngapi, ante (ya lazima kwa kila mtu) ngapi, zawadi zimegawanywaje, wewe umekaa nafasi gani. Yenyewe inakurudishia karata zipi ujilipue nazo (kusukuma chipu zote katikati, sisi tunasema kujilipua na sioni neno bora zaidi), zipi utupe, na kama mwenzako kajilipua kabla yako, zipi ukubali nazo. Majibu yanakaa kwenye ule ubao wa miraba 169, 13 kwa 13, kila aina ya karata mbili za kuanzia ina mraba wake, na unaona kila moja inakuongezea au inakupunguzia kiasi gani cha zawadi. Basi. Muonekano wake wa kawaida sana, hauna mbwembwe, ukiizoea programu za siku hizi zenye rangi rangi utaona kama umefungua faili la mhasibu.

Mtu atauliza sasa hiyo tu ndo ulipie? Ndiyo hiyo tu bana, na ndipo hela ya tonamenti ilipo, hebu fuata hesabu. Umeanza na chipu 5,000, blaindi 25 kwa 50, maana yake una blaindi kubwa 100, hapo ni raha, unachungulia flopu (karata tatu za kwanza za katikati) kwa bei nafuu, unatega watu, unazuga. Lakini mtandaoni blaindi zinapanda kila baada ya dakika chache, zile za turbo, za mwendo wa kasi, ndo usiseme, unakuja kushtuka ni 250 kwa 500 na wewe bado una 5,000 zako zile zile, hujapoteza hata moja, na umebaki na blaindi kubwa 10. Hapo ule ufundi wote wa kusoma watu unaisha kazi, kwa sababu ukipandisha kidogo tu ukafuatwa umeshaweka robo ya mali yako mezani na hujaona hata karata moja ya katikati. Kilichobaki ni maswali mawili, najilipua au natupa. Na hatua hiyo ndo wanayofika karibu wote wanaotoboa mpaka kwenye hela, iwe leo iwe kesho.

Ila ukiangalia watu wanajifunza nini, ni kuzuga. Tangu Chris Moneymaker, yule mhasibu wa Tennessee, aingie tonamenti kuu ya World Series of Poker ya 2003 kwa tiketi aliyoipata mtandaoni akawa wa kwanza kati ya watu 839 na kuondoka na dola milioni 2.5, kila mtu anataka kuwa yeye, na kinachorudiwa rudiwa kwenye video ni ule mzugo aliompiga Sammy Farha wakiwa wamebaki wawili. Mzugo mtamu kweli, sikatai. Lakini mzugo kama ule unahitaji chipu nyingi nyuma yako, wewe wa kiingilio cha dola 3 saa saba usiku na blaindi 10 mkononi utauzugia wapi.

Twende kwenye kile kinachowauma wengi, kusubiri karata nzuri. Jozi ya A inakuja kwa wastani mara moja kwenye migao 221. Sasa chukua meza ya watu 8, blaindi 500 kwa 1,000, ante 125 kila mtu. Kabla hata karata hazijaangaliwa katikati kuna 2,500 tayari. Wewe una 10,000. Ukijilipua wote wakatupa, umeongeza robo nzima ya chipu zako bila kuonyesha karata. Ukikaa unasubiri, raundi moja ya meza inakugharimu 2,500 hizo hizo, yaani raundi nne umeisha, migao 32 tu, A zako zitatokea wapi? Mtu akishaiona hesabu hii anaelewa kwanini programu inamwambia ajilipue na karata ambazo yeye angezitupa bila kufikiria mara mbili. Mkiwa mmebaki wawili tu kila mmoja ana blaindi 10, bila ante, mwenye blaindi ndogo anatakiwa ajilipue na karibu asilimia 58 ya karata zote anazopewa. Zaidi ya nusu! Kila yenye A imo, kila yenye K imo, hata K na 2 zisizolingana ua (kopa, shupaza na kadhalika). Mara ya kwanza ukiona hiyo utadhani programu imelewa.

Lakini hayo ya kujilipua unaweza kuyapata kwenye majedwali ya bure, yapo mengi. Kinachonifanya niisifie ICMIZER ni lile swali la pili, kukubali au kutokubali pale karibu na mpaka wa hela (akitoka mmoja wawili tu, waliobaki wote wanalipwa), na hapo nawaomba mnivumilie nitarefusha kidogo maana ndo kila kitu.

Chukua Sit & Go ya zamani (tonamenti ndogo inayoanza viti vikijaa), mmebaki wanne, wanaolipwa ni watatu, wa kwanza dola 50, wa pili 30, wa tatu 20. Kila mmoja ana chipu 2,500. Mko sawa, kwa hiyo kila mmoja anamiliki dola 25 za ile mia, hakuna ubishi. Jamaa mmoja kajilipua, zamu yako, wengine washatupa. Ukikubali ukashinda una 5,000, umedabo. Je dola zako nazo zimedabo kuwa 50? Hapana. Ukipiga hesabu ya nafasi yako ya kuwa wa kwanza, wa pili na wa tatu unapata dola 38 na senti 33. Basi umehatarisha 25 ili upate 13 na kitu juu. Ili mchezo huo ulipe, tukiweka blaindi pembeni, inabidi ushinde zaidi ya mara 65 kwa kila mia. Kwenye meza ya hela taslimu ungehitaji 50 tu. Sasa A-K ambazo kila mtu akiziona anatoa macho, zikiwa ua tofauti, dhidi ya mtu anayejilipua na karata yoyote ile bila hata kuangalia, zinashinda karibu 65. Yaani uko pale pale kwenye mstari, na huyo ni mtu asiyeangalia karata! Akiwa anaangalia, A-K unazitupa. Nimemwonyesha hii rafiki yangu mmoja akagoma kabisa, akasema A-K hazitupwi, tukaijaza kwenye programu mbele yake, akanyamaza, halafu akasema programu ni ya waoga.

Na hizo dola zilizopotea ziko wapi? Ziko kwa wale wawili waliokaa pembeni wanakunywa chai. Kila mmoja katoka 25 kwenda dola 30 na senti 83 bila kugusa chipu. Wahenga walisema wapiganapo tembo nyasi huumia, hapa nyasi ndo zinanenepa. Ukishaliona hilo unaanza kucheza tofauti kabisa ule muda, unakuwa wewe ndo wa kwanza kujilipua, maana unajua wenzako wanatakiwa watupe karibu kila kitu, na akikutangulia mwenzio unatupa bila kinyongo. Aliyetangulia ndo anakula.

Hesabu yenyewe ya kugeuza chipu kuwa dola inaitwa ICM (Independent Chip Model), ndo jina la programu limetoka huko, na chimbuko lake sio hata poka, ni mbio za farasi, bwana Harville aliandika mwaka 1973 namna ya kukadiria farasi gani atakuwa wa pili na wa tatu, baadaye mwandishi wa vitabu vya poka Mason Malmuth ndo akaileta kwenye tonamenti za poka miaka ya 80. Kwa wanne unaweza kuifanya kwa kalamu na karatasi. Kwa watu tisa wenye chipu tofauti tofauti na zawadi tisa, thubutu.

Pembeni kuna sehemu ya mazoezi, SNG Coach, inakupa hali ya mezani na karata mbili, unajibu jilipue au tupa, inakuambia umekosea kiasi gani. Hii ndo niliyoitumia kuliko zote. Unaweza kuifanya ukiwa kwenye basi la kwenda kazini, na baada ya muda majibu yanakuja yenyewe kichwani bila kuhesabu, ambapo ndo lengo, kwa sababu mezani una sekunde chache tu na huruhusiwi kuifungua.

Narudia hapo: HURUHUSIWI. PokerStars na kampuni nyingine kubwa zinakataza programu ya kukushauri wakati unacheza, ukikamatwa akaunti inafungwa na hela zako zinaweza kukwama humo humo. Hii ni ya kusomea kabla na baada. Ukimaliza tonamenti unachukua kumbukumbu za migao yako, unaziingiza, unaangalia wapi ulitakiwa ufanye nini. Anayekuambia anaifungua pembeni huku anacheza ni mwizi tu kama mwizi mwingine na anawaibia nyinyi mliokaa naye meza moja.

Mapungufu sasa, maana isije ikaonekana nimelipwa.

Kwanza ni ya kabla ya flopu tu. Ukiwa na blaindi 40 na flopu imeshuka Q-8-3, hii haina la kukuambia. Kwa hayo watu wanatumia GTO Wizard, ambayo ni kubwa zaidi na inaingia mpaka karata ya mwisho, ila kwa anayeanza ni bahari, utazama. Wengine wapo HoldemResources, nao wazuri, na wana kikokotoo cha bure kwenye tovuti yao, asiye na hela aanzie hapo na hatojuta. ICMIZER nayo ina cha bure lakini kina kikomo, unaonja tu.

Pili, na hili ndo kubwa, majibu yake yanadhani kila mtu mezani anajua anachokifanya. Renji (orodha ya karata za kuchezea) inazokupa ni zile za mchezo ambao wote wamesoma. Nenda tonamenti ya dola 2 uone kama wamesoma. Kule kuna mtu anakubali kujilipua kwako na J-7 kwa sababu zote kopa na leo anajisikia vizuri. Ukijilipua na K-2 kwa mtu wa hivyo eti programu imesema, utatoka na hasira na kuandika kwamba programu ni utapeli. Sasa dawa imo humo humo ndani na wengi hawaifungui: unaweza kubadilisha renji ya mpinzani kwa mkono. Programu inasema yule wa blaindi kubwa akubali na asilimia 20, wewe unajua vibonde wa ile saa wanakubali na 45, weka 45 halafu ipige upya. Utaona karata zako za kujilipua zinapungua, takataka zote zinatoka, na A zako ndogo na jozi ndogo unaona faida yake inabadilika. Kwa wale waoga ambao wanasubiri tu wavuke mpaka wa hela wapate dola 4 zao, punguza renji yao mpaka 8, uone ubao wako unavyojaa. Hapo ndo programu inaacha kuwa jedwali na inakuwa mwalimu. Kama huna mpango wa kufanya zoezi hilo basi usilipe, chukua jedwali la bure utafika pale pale.

Tatu, ICM yenyewe haijui kwamba blaindi inakufikia mgao ujao, inaona chipu tu. Mtu aliyebaki na blaindi mbili na zamu yake ya kulipa inafuata hayuko sawa na aliyetoka kulipa sasa hivi, ila hesabu ya kawaida inawaona sawa. Wameweka kitu wanaita FGS (Future Game Simulation) cha kuangalia migao michache mbele, kinasaidia, ila kinachelewa kutoa jibu na kwa tonamenti ndogo ndogo sioni kama utakihitaji kila siku.

Zile tonamenti za kuwinda vichwa, ambazo ukimtoa mtu unapewa nusu ya bei ya kichwa chake papo hapo na nusu inaongezwa kwenye bei ya kichwa chako, siku hizi ndo zimejaa kila mahali na zinavuruga kila nilichosema hapo juu kuhusu kutupa, kwa sababu kichwa ni hela taslimu na hela hiyo haingoji mpaka wa malipo. Mtu mwenye kichwa kinono na chipu kidogo unamkubali na karata ambazo kwenye tonamenti ya kawaida ungezitupa mbali. Programu inakuwezesha kuingiza bei za vichwa na kwa kweli sijaona njia nyingine ya kuzoea hizo hesabu, kwa kichwa tu hazikai.

Malipo ni kwa mwezi au mwaka, kwa dola. Benki yangu, jina naliacha, ilizuia mara ya kwanza ikadhani nalipia kamari, nikakaa kwenye simu kuwaelezea kwamba ni programu ya kujifunzia, dada wa huduma kwa wateja akaniuliza kujifunzia nini, nikamwambia poka, akasema basi ni kamari. Ikaisha kwa kadi nyingine. Mimi niko Uingereza, huku poka mtandaoni ni halali kwa kampuni zenye leseni ya Gambling Commission, ila kadi za mkopo haziruhusiwi kuwekea hela ya kamari tangu Aprili 2020, na anayeona mkono unamponyoka kuna GamStop, unajifungia mwenyewe bure kwenye tovuti zote zenye leseni. Mliopo Bongo angalieni kwanza kampuni ina leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha kabla hujaweka hata mia, programu hii haikuchagulii pa kuchezea.

Halafu kuna hili la wazee wa mkeka maana najua mtakuja. Poka sio mkeka, huchezi na kampuni, kampuni inachukua chake kwenye kiingilio (ile dola 11 unayolipa, kumi inaenda kwenye zawadi na moja imekwenda zake) halafu mnakulana wenyewe. Kwa hiyo ndiyo, ukiwa bora kuliko meza unaweza kuwa na faida ya muda mrefu. Ila muda mrefu wa tonamenti ni mrefu haswa. Kwa kawaida wanaolipwa ni karibu asilimia 15 ya walioingia, na wengi wao wanapata kiingilio na chenji kidogo, hela ya maana iko kwa watatu wa juu. Maana yake hata ukicheza sawasawa kila mgao utaliwa siku nyingi mfululizo, utajilipua na jozi ya K dhidi ya A-9 na A itashuka ya mwisho. Ndo maana watu wanashauri uwe na viingilio 100 au zaidi vya ile ngazi unayocheza, ukiwa na dola 100 basi ngazi yako ni ya dola moja, hata kama unajiona unaweza ya kumi. ICMIZER haibadilishi hilo, inakuambia ulifanya sahihi huku umetolewa, faraja ya ajabu kidogo ila mi nimeizoea.

Nikitoa nyota, nne kwa tano kwa mtu wa Sit & Go na tonamenti ndogo, mbili kwa mwingine yeyote. Mimi nalipia mwezi mmoja mmoja tu, narundika kumbukumbu za migao kwanza, zikishajaa ndo nafungua, nazipitia zote zile za chini ya blaindi 15, mwezi ukiisha nasitisha. Ya mwaka wanakupa punguzo, ila jiulize kwanza utafungua mara ngapi.